Masafa Yanapohama: Skana katika Zama za Mifumo ya Tranki

Skana ni redio ya kupokea tu, isiyoweza kurusha sauti, ambayo hupitia chaneli nyingi moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa na kusimama pale inapokuta mtu anazungumza. Nchini Marekani kifaa hiki kimewawezesha waandishi wa habari, wazimamoto wa kujitolea na wapenzi wa redio kufuatilia mawasiliano ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa kwa miongo mingi, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho kazi ya kukipanga haikuhitaji maarifa makubwa: msikilizaji aliyatafuta masafa ya idara aliyoitaka, akayaingiza, akasikiliza. Hali hiyo ilibadilika pale idara za usalama zilipoacha chaneli za kudumu na kuhamia katika mifumo ya tranki, ikabadilika zaidi pale masafa ya mifumo hiyo yenyewe yalipohamishwa kwa amri ya serikali. Sura hii inaeleza jinsi mifumo hiyo inavyofanya kazi, sababu za masafa yake kubadilika, na namna skana inavyopangwa ili isiachwe nyuma. Hoja yake kuu ni kwamba masafa ndiyo sehemu ya mfumo inayodumu kwa muda mfupi kuliko zote, kwa hiyo anayeijenga skana yake juu ya orodha ya masafa peke yake hulazimika kuanza upya kila mara, ilhali anayeuelewa mfumo hubadilisha tarakimu chache tu na kuendelea kusikiliza.

Kutoka chaneli ya kudumu hadi chaneli ya kupokezana

Skana za miaka ya 1960 na ya mwanzo ya 1970 zilitegemea fuwele, yaani kipande kidogo cha madini ya kwazi kilichochongwa kwa kipimo maalumu ili kitetemeke kwa kasi moja isiyobadilika. Kila chaneli ilihitaji fuwele yake, kiasi kwamba aliyetaka chaneli nane alinunua fuwele nane, na idara ilipohama chaneli, fuwele iliyohusika haikuwa na kazi tena. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zilitokea skana ambazo mtumiaji aliweza kuzipangia masafa mwenyewe, na tangu hapo mabadiliko ya chaneli yakawa jambo la kubonyeza vitufe kwa dakika chache.

Urahisi huo ulitokana na mpango wa zamani wa matumizi ya masafa, ambamo polisi walikuwa na chaneli yao, zimamoto yao, na idara ya maji yao. Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba chaneli ya idara ya maji ilikaa kimya karibu siku nzima wakati polisi wakigombania nafasi ya kusema katika chaneli yao moja. Mfumo wa tranki uliondoa umiliki huo kwa kuzikusanya chaneli zote katika fungu moja linalotumiwa na idara zote kwa kupokezana, na kuiachia kompyuta kazi ya kugawa. Tofauti ya mipango hii miwili ni kama ile iliyopo kati ya bandari ambayo kila kampuni ya meli ina gati lake, hata likibaki tupu wiki nzima, na bandari ambayo magati yote ni ya wote, ambapo nahodha anayekaribia huwasiliana na mnara na kuelekezwa gati lililo wazi wakati huo.

Katika mifumo mingi ya tranki, kazi ya mnara huo hufanywa na chaneli ya udhibiti, ambayo haibebi sauti ya mtu bali mfululizo wa data usiokatika. Askari anapobonyeza kitufe cha redio yake, redio hutuma ombi fupi la data, kompyuta hutafuta chaneli isiyotumika, kisha chaneli ya udhibiti hutangaza kwamba kundi namba fulani liende chaneli namba fulani. Redio zote za kundi hilo huhamia huko kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mazungumzo yakikoma hurudi kusikiliza chaneli ya udhibiti. Kinachowaunganisha askari wa doria wa mtaa mmoja, kwa hiyo, si chaneli bali kundi la mazungumzo, yaani namba ambayo redio zao zote zimepewa na ambayo huwafuata popote kompyuta inapowapeleka.

Skana ya kawaida ikiwekwa mbele ya mfumo wa namna hii husikia vipande tu: swali la askari huja kwenye chaneli moja, jibu la kituo huenda kwenye nyingine, na katikati huingia sauti ya fundi wa barabara. Tatizo hilo lilipata ufumbuzi mwaka 1997, wakati kampuni ya Uniden ilipouza Bearcat BC235XLT, skana iliyoweza kusoma data ya chaneli ya udhibiti na kulifuata kundi moja la mazungumzo kutoka chaneli hadi chaneli. Tangu hapo kupanga skana kukawa na sehemu mbili zilizo tofauti: upande mmoja kuna masafa, ambayo humwonyesha msikilizaji mahali pa kusikiliza, na upande wa pili kuna makundi ya mazungumzo, ambayo humwonyesha ni nani anayesikilizwa. Sehemu ya kwanza hubadilika mara nyingi, na ya pili hubadilika kwa nadra.

Lugha nne za mifumo ya tranki

Mifumo ya tranki haizungumzi lugha moja, na aina ya mfumo ndiyo inayoamua ni taarifa gani skana inahitaji kupewa na ni taarifa gani inaweza kuzisoma yenyewe hewani.

Mfumo wa LTR, uliobuniwa na kampuni ya E.F. Johnson na kupendwa zaidi na wafanyabiashara, hauna chaneli maalumu ya udhibiti, bali kila ripita, yaani mtambo unaopokea sauti ya redio ndogo na kuirusha upya kwa nguvu zaidi, hubeba data ya polepole chini ya sauti inayosikika. Kila ripita ina namba yake kati ya 1 na 20, na skana ni lazima iwekewe kila chaneli katika nafasi inayolingana na namba hiyo. Mfumo wa EDACS, ulioanzishwa na kampuni ya General Electric, una chaneli ya udhibiti, lakini nao hutaja chaneli kwa namba ya nafasi na si kwa masafa, kwa hiyo mpangilio ukikosewa, skana hupokea agizo sahihi na kwenda mahali pasipo sahihi. Katika mifumo hii miwili, idara inapoongeza chaneli mpya, kuyajua masafa yake ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuijua nafasi yake, ambayo hupatikana kwa kutazama namba inayotajwa na mfumo na kupima ni masafa gani yanayoamka wakati huohuo.

Mifumo ya Motorola ya kizazi cha analogia, ambayo chaneli yake ya udhibiti hutuma biti 3,600 kwa sekunde, hutaja chaneli kwa namba pia, lakini namba hizo hufuata jedwali moja la nchi nzima, na jedwali hilo liliwekwa na watengenezaji ndani ya skana zenyewe. Mtumiaji aliingiza masafa ya chaneli ya udhibiti, na skana ikakokotoa yaliyobaki. Mpango huu ulikuwa mwepesi kuliko yote mpaka jedwali lenyewe lilipobadilishwa.

Lugha ya nne ni Project 25, kwa kifupi P25, kiwango cha dijitali kilichoasisiwa na APCO, chama cha wataalamu wa mawasiliano ya usalama wa umma, pamoja na wadau wengine, ili redio za watengenezaji mbalimbali ziweze kuwasiliana. Chaneli yake ya udhibiti hutuma biti 9,600 kwa sekunde, na jinsi inavyotaja masafa ni tofauti na zile tatu zilizotangulia, kama itakavyoonekana mbele.

Uhamisho mkubwa wa bendi ya megahezi 800

Badiliko lililowapa wenye skana kazi kubwa kuliko yote lilianzia katika mgogoro wa majirani. Kampuni ya simu ya Nextel ilikuwa imekusanya leseni nyingi za redio za kibiashara katika bendi ya megahezi 800 na kujenga juu yake mtandao wa simu za mkononi uliotumia teknolojia ya Motorola iitwayo iDEN. Chaneli zake zilikuwa zimechanganyika na za polisi na zimamoto, nyingine zikipakana kabisa. Idara za usalama zilikuwa zimejenga minara michache mirefu inayofunika eneo kubwa, ilhali kampuni ya simu ilijenga minara mingi mifupi katikati ya miji, na matokeo yake yalikuwa kwamba askari aliyesimama mbali na mnara wake lakini jirani na mnara wa simu aliikuta redio yake imezidiwa na nguvu ya jirani hata asiweze kusikia wito wa kituo.

Mwezi Julai mwaka 2004, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) iliamua kuipanga bendi upya ili makundi hayo mawili yatenganishwe. Katika sehemu kubwa ya nchi, minara ya usalama iliyokuwa ikirusha kati ya megahezi 866 na 869 ilishushwa hadi kati ya 851 na 854, waliokuwa wakikaa humo wakapandishwa, na Nextel ikapewa eneo la juu kati ya 862 na 869, huku megahezi moja kati ya 861 na 862 ikiachwa kuwa ukanda wa kinga kati ya pande hizo mbili. Redio ndogo zinazotuma kuelekea kwenye minara zilifuata mpango huohuo megahezi 45 chini yake. Nextel, ambayo mwaka 2005 iliungana na Sprint, ilibebeshwa gharama za kuhamisha wengine na ikapewa megahezi 10 katika bendi ya megahezi 1,900.

Kazi ilianza rasmi tarehe 27 Juni 2005 na ilipangwa kumalizika kwa miezi 36, lakini haikumalizika. Kila redio ya kila askari ilibidi ishikwe na fundi, na katika maeneo yanayopakana na Kanada na Mexico mpango ulihitaji makubaliano ya nchi na nchi, ambayo kwa upande wa Mexico yalifikiwa mwaka 2012. Ni mwaka 2021 tu FCC ilipotangaza kwamba uhamisho umekamilika. Kwa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo, msikilizaji wa Marekani hakuwa na ramani moja ya bendi bali ramani mbili zilizotumika kwa pamoja, wilaya moja ikiwa imehama na ya jirani bado.

Sehemu nyepesi ya uhamisho huo ilikuwa zile chaneli ambazo hazikuwa za tranki. Chaneli tano za kitaifa za kusaidiana, ambazo idara za miji mbalimbali hukutana humo wakati wa maafa, zilishuka megahezi 15 kamili: ya kuitana ilitoka 866.0125 ikaenda 851.0125, na nyingine nne zilitoka 866.5125, 867.0125, 867.5125 na 868.0125 zikaenda 851.5125, 852.0125, 852.5125 na 853.0125. Aliyejua kutoa 15 aliweza kuzirekebisha zote kabla chai haijapoa, kwa kuwa hesabu ilikuwa moja kwa zote.

Kwa mifumo ya tranki ya Motorola, kutoa 15 hakukutosha, na sababu yake inaonekana vizuri katika mfano mmoja. Katika jedwali la zamani, namba za chini zilikokotolewa kwa kuanzia megahezi 851.0125 na kuongeza kilohezi 25 kwa kila namba, na chaneli za 866 zilikuwa na namba zake za juu zaidi, ambapo chaneli ya 866.2750 ilitajwa kwa namba 731. Chaneli hiyo iliposhuka hadi 851.2750 haikuweza kubaki na namba yake, wala haikuweza kupata namba ya kawaida, kwa sababu hatua za kilohezi 25 kutoka 851.0125 huiruka. Jedwali jipya liliipa namba 450, ambayo ilikuwa huru kwa kuwa zamani ilimaanisha 862.2625, mahali palipokabidhiwa Nextel. Skana yenye jedwali la zamani, ikisikia agizo la kwenda chaneli 450, ilifanya hesabu yake bila kosa na kutua kwenye 862.2625, ambako ilikuta mlio wa mitambo ya simu au ukimya mtupu.

Kilichowachanganya watu wengi zaidi ni kwamba namba za chini, kuanzia 0 hadi 439, zilibaki na maana ileile katika majedwali yote mawili. Mfumo uliokuwa na chaneli za aina zote mbili ulisikika nusu, ambapo mazungumzo yaliyoangukia namba za chini yalikuja safi na yaliyoangukia namba mpya yalipotea, na mwenye skana akadhani antena yake imeharibika au mnara umepunguza nguvu. Dawa yake ilikuwa programu endeshi mpya, yaani maagizo ya msingi yaliyomo ndani ya kifaa chenyewe, ambayo watengenezaji waliitoa kwa baadhi ya miundo ili mtumiaji aweze kuchagua kama mfumo anaousikiliza unafuata jedwali la zamani au jipya. Skana ambazo jedwali lake lilikuwa limefungiwa ndani ya chipu isiyoandikika upya zilipoteza uwezo wa kuifuata mifumo iliyohama, hata kama zilikuwa zima kwa kila kitu kingine.

Mfumo unaojieleza wenyewe

Wabunifu wa P25 waliepuka utegemezi wa jedwali la ndani kwa kuifanya chaneli ya udhibiti iutangaze mpango wa masafa hewani. Kila baada ya muda mfupi chaneli hiyo hutuma ujumbe unaotaja masafa ya kuanzia hesabu, ukubwa wa hatua, na umbali kati ya masafa ya mnara na ya redio ndogo. Kwa mfano, mfumo ukitangaza kwamba hesabu inaanzia megahezi 851.00625 kwa hatua za kilohezi 6.25, kisha ukataja chaneli namba 200, redio huzidisha 200 kwa 6.25, ikapata kilohezi 1,250, ikaongeza kwenye mwanzo na kupata megahezi 852.25625. Mfumo ukihamishiwa kwenye bendi nyingine hutangaza mwanzo mwingine, na skana hufanya hesabu mpya bila kuguswa na mtu.

Matokeo yake ni kwamba katika mfumo wa P25 msikilizaji huhitaji masafa ya chaneli za udhibiti pekee. Hata hivyo, chaneli hizo nazo hubadilika, kwa kuwa mifumo mingi hutenga zaidi ya moja, mara nyingi nne, ili moja ikiharibika nyingine ichukue nafasi yake, na baadhi ya mifumo huzibadilisha kwa zamu bila hitilafu yoyote. Anayeingiza ile moja aliyoikuta ikifanya kazi siku ya kwanza hujikuta kimya zamu inapogeuka, na kwa hiyo kanuni ya kwanza ya upangaji ni kuingiza chaneli zote za udhibiti za kituo, zikiwemo zile za akiba.

P25 humpa msikilizaji pia njia ya kuhakikisha kwamba alichokikuta ndicho alichokitafuta, kwa sababu kila mfumo hutangaza namba zake za utambulisho: namba ya mtandao, namba ya mfumo ndani ya mtandao huo, namba ya kituo, na msimbo mfupi uitwao NAC unaoambatana na kila mawasiliano. Namba hizo huandikwa kwa tarakimu za mfumo wa kumi na sita, ambao huongeza herufi A hadi F juu ya tarakimu 0 hadi 9, na ndiyo sababu utambulisho wa mtandao unaotumiwa na mifumo mingi ya Motorola husomeka BEE00. Mabadiliko ya masafa hayazigusi namba hizo kwa kawaida, na hapo ndipo msikilizaji anapopata nguzo ya kushikilia: masafa yakihama, mfumo ulio na namba zilezile mahali papya ni mfumo uleule.

Awamu ya pili ya P25 iliongeza jambo jingine kwa kugawa kila chaneli katika vipande viwili vya muda vinavyopokezana haraka, ili mazungumzo mawili yapite pale palipopita moja. Skana ya dijitali iliyotengenezwa kwa awamu ya kwanza tu husoma chaneli ya udhibiti ya mfumo kama huo, hufuata agizo mpaka kwenye chaneli ya sauti, kisha hushindwa kuitafsiri sauti yenyewe. Tatizo jingine hutokea pale minara kadhaa inaporusha mawimbi yaleyale kwenye masafa yaleyale kwa wakati mmoja ili kufunika mji wote, kwani mawimbi hufika kwenye skana yakiwa yamepishana kidogo na kuivuruga data, ingawa kipimo cha nguvu ya mawimbi huonyesha yamejaa. Uniden ilitoa SDS100 mwaka 2018 hasa kwa ajili ya kukabiliana na hali hiyo. Matatizo haya mawili hufanana na kosa la kupanga masafa kiasi kwamba wasikilizaji wengi hupoteza muda kubadilisha tarakimu ambazo hazina kosa.

Namna ya kufuatilia na kupanga

Mabadiliko ya masafa nchini Marekani hayatokei gizani, kwa sababu serikali za majimbo na za mitaa haziruhusiwi kurusha kwenye masafa yasiyo na leseni ya FCC, na leseni hizo huwekwa katika hifadhidata ya umma inayoitwa ULS. Kila leseni huonyesha mahali mnara ulipo, masafa yake, na aina ya huduma, ambapo alama PW husimamia chaneli za kawaida za usalama wa umma na YW husimamia zile za tranki. Mwenye leseni hupewa muda wa kujenga na kisha huarifu tume kwamba mtambo umeanza kazi, kwa hiyo msomaji makini wa hifadhidata hiyo huyaona masafa mapya miezi mingi kabla hayajasikika. Leseni, hata hivyo, ni ruhusa tu na haithibitishi matumizi: masafa yaliyomo yanaweza yasitumike kamwe, na leseni haitaji makundi ya mazungumzo hata kidogo.

Pengo hilo hujazwa na hifadhidata ya RadioReference, inayokusanya taarifa kutoka kwa wasikilizaji wenyewe kuhusu mifumo, vituo, chaneli za udhibiti na makundi ya mazungumzo. Skana za kisasa huja na nakala ya taarifa hizo ndani yake, na Uniden ilipotoa HomePatrol-1 mwaka 2010 ilimruhusu mtumiaji kuingiza msimbo wa posta wa mahali alipo na kuiacha skana ijichagulie mifumo. Programu ya kompyuta inayoambatana na skana hizo hupakua toleo jipya la taarifa kila wiki. Njia hii inamfaa anayeanza, lakini inampa alichokiona mtu mwingine siku fulani, na wilaya isiyo na msikilizaji makini hubaki na taarifa za zamani bila onyo lolote.

Kwa hiyo mpango unaodumu hujengwa kwa hatua chache zinazofuatana. Hatua ya kwanza ni kuitambua aina ya mfumo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoonyesha kama kinachohitajika ni chaneli za udhibiti peke yake, jedwali la bendi, au mpangilio kamili wa nafasi. Ya pili ni kuchagua kituo cha mnara kilicho karibu badala ya kuingiza vituo vya jimbo zima, kwa sababu skana inayopitia minara isiyoisikia hupoteza sekunde ambazo mazungumzo yanaendelea. Ya tatu ni kuyahifadhi makundi ya mazungumzo mbali na masafa, ili siku kituo kinapohama, masafa yafutwe na kuandikwa upya bila kugusa majina ya makundi yaliyokusanywa kwa miaka. Ya nne ni kuhifadhi nakala ya mpango mzima ikiwa na tarehe kila kabla ya kubadilisha kitu, kwani si mara moja taarifa mpya iliyopakuliwa imefuta marekebisho sahihi ya mtumiaji.

Mfumo unapokaa kimya ghafla, uchunguzi hufuata mpangilio uleule. Huanza kwa kuangalia kama chaneli yoyote ya udhibiti iliyoingizwa bado inasikika. Ikiwa hakuna, skana huamriwa kupekua bendi yote, na kwa mifumo ya P25 bendi hiyo hujumuisha pia megahezi 769 hadi 775, ambazo huduma za usalama huzitumia sambamba na zile za 800. Chaneli ya udhibiti hutambulika kwa urahisi kwa sababu hurusha mfululizo bila kupumzika. Ikipatikana, namba zake za utambulisho hulinganishwa na zile za zamani, na ikiwa ni kituo jirani tu kilichosikika, hicho nacho husaidia, kwa kuwa mifumo hutangaza orodha ya vituo jirani pamoja na chaneli zao za udhibiti.

Tangu mwaka 2012, wapenzi wa redio walipogundua kwamba kipokezi kidogo cha televisheni chenye chipu ya RTL2832U kinaweza kugeuzwa kuwa redio inayoongozwa na kompyuta, uchunguzi huu umekuwa rahisi zaidi. Kifaa hicho cha bei nafuu huonyesha kiasi cha megahezi mbili na zaidi kwa pamoja kwenye kioo cha kompyuta, na programu za bure kama SDRTrunk na OP25 husoma chaneli ya udhibiti na kuandika kila agizo linalopita, yakiwemo masafa yaliyoongezwa siku hiyohiyo. Wasikilizaji wengi hutumia kompyuta kugundua na skana kusikiliza.

Mipaka isiyovukwa kwa kupanga

Kuna ukimya ambao hakuna upangaji unaoweza kuuondoa, nao ni ule unaotokana na usimbaji fiche, yaani kuigeuza sauti kwa ufunguo wa siri ili isomwe na redio zenye ufunguo huo tu. Polisi wa Denver walisimba mawasiliano yao mwaka 2019, na polisi wa New York walianza kufanya hivyo mwaka 2023. Katika mifumo hiyo skana huendelea kuonyesha kwamba kundi fulani linazungumza na liko chaneli gani, lakini sauti haipatikani. Idara hutaja usalama wa askari na faragha ya raia ambao majina na taarifa zao husomwa hewani, nao waandishi wa habari hujibu kwamba umma unanyimwa njia ya kujua papo hapo kinachotokea mitaani kwake. Mjadala huo unaendelea, na msikilizaji hana nafasi ndani yake isipokuwa kama raia.

Mpaka wa pili ni sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 kuhusu faragha ya mawasiliano ya kielektroniki inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya usalama wa umma yaliyo wazi kwa yeyote, lakini si yaliyosimbwa wala ya simu za mkononi, na tangu mwaka 1994 skana zinazouzwa nchini humo hazitakiwi kupokea bendi ya simu za mkononi ya megahezi 824 hadi 849 na 869 hadi 894. Baadhi ya majimbo yana masharti ya ziada kuhusu skana ndani ya gari. Kwingineko uhuru ni mdogo zaidi: Uingereza inakataza kusikiliza mawasiliano yasiyomlenga msikilizaji, na Tanzania, kupitia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inalifanya kosa tendo la kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria. Msomaji anayeishi Minnesota au Ohio na anayesafiri kwenda Dar es Salaam hapaswi kudhani kwamba anachokifanya nyumbani kinaruhusiwa huko.

Anayefikiria kununua skana anashauriwa kutafuta kwanza majibu ya maswali matatu kuhusu eneo lake: mfumo unaotumika ni wa aina gani na awamu ipi, makundi anayotaka kuyasikia yamesimbwa au yako wazi, na sheria ya mahali anapoishi inasemaje. Majibu yote hupatikana bila malipo kabla ya kuingia dukani, na kifaa ghali kuliko vyote hakiwezi kumfidia aliyeanza kununua kabla ya kuuliza.